Maswali Thelathini na Moja

Mwaka 2019 nilimwandikia dairekta wa kikundi kimoja cha maigizo jijini Nairobi barua pepe ya kurasa tatu. Nilifungua kwa heshima na taadhima, nikajitambulisha kuwa mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, nikaitaja mada yangu kwa urefu wake wote, kisha nikaambatisha hojaji yenye maswali 31. Swali la kwanza lilimtaka afafanue mchango wa viashiria visivyo vya lugha katika ujenzi wa maana jukwaani. La mwisho lilimwomba apendekeze maeneo ya utafiti zaidi. Barua ile niliionea fahari. Nilimsomea hata dadangu, naye akasema Kiswahili chake kimenyooka kama reli.

Wiki tatu kimya. Nikaituma tena, mara hii na neno "Ukumbusho" juu yake. Kesho yake jibu likaingia kwa WhatsApp, mstari mmoja: "Mwalimu, huu ni mtihani? Una alama ngapi?"

Nilichukia. Nilikuwa nimefundisha shule ya upili miaka sita kabla ya kurudi chuoni, na sikuzoea kujibiwa hivyo. Lakini jioni moja, hasira zimepoa, niliichukua ile hojaji nikaisoma kama nisomavyo karatasi ya mwalimu mwenzangu, na nikaona kila swali limeanza kwa kitenzi cha kutahini: eleza, fafanua, jadili, thibitisha. Sikuwa nimemwandikia mtu wa jukwaa hata kidogo. Nilikuwa nimewatungia Kidato cha Nne mtihani, nikaubandika salamu.

Kwa msomaji ambaye hakupitia shule za Kenya, nieleze kidogo. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, na humo hutahiniwa riwaya moja, tamthilia moja na diwani moja ya hadithi fupi. Vitabu hivyo teule hukaa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Mstahiki Meya ya Timothy Arege ilianza zamu yake 2013. Kigogo ya Pauline Kea ikaipokea 2018. Hapo ndipo ilipo riziki ya vikundi vingi vya maigizo. Hukariri tamthilia, hupakia spika na maleba kwenye matatu, wakazunguka shule kwa shule, na wanafunzi hulipa kiasi kidogo kila mmoja. Wakosoaji hawawaandiki. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba Mkenya aliyewahi kuona tamthilia ya Kiswahili ikiigizwa mara moja tu maishani, aliiona kwenye bwalo la shule, huku harufu ya githeri ikitoka jikoni.

Tasnifu nilizokuwa nimezisoma kuhusu Kigogo zilikaa kitabuni: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, ubabe wa Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Mimi nilitaka kujua maneno yale hufanywa nini yanapopata miguu. Na hiyo miguu ilikuwa ya watu ambao nilikuwa nimeshawaudhi.

Basi nikaenda mwenyewe. Aibu ni kwamba hapakuwa mbali. Kikundi chao, kama vingine vingi, kilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa Kenya National Theatre, Harry Thuku Road, na kutoka maktaba niliyokuwa nikikaa kutwa hadi pale ni dakika kumi kwa miguu. Nilikuwa nimewatumia kurasa tatu za barua pepe watu ambao ningeweza kuwaendea wakati wa chai nikarudi kabla kiti changu hakijachukuliwa.

Niliwakuta chini ya mti, wanane, kila mmoja na kitabu kilichochakaa. Dairekta alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Akanitazama kuanzia viatuni.

"Ndiwe wa mtihani?"

"Ndimi, Mama."

"Keti. Lakini leo hatujibu maswali. Leo tunafanya kazi."

Niliketi saa tatu nzima. Mara moja nilitoa daftari, nikaona kijana aliyekuwa karibu nami amekatiza mstari wake na kulikazia macho, nikalirudisha mkobani. Walirudia tukio moja mara saba. Mara ya nne na ya tano mimi sikuona tofauti yoyote. Wao waliiona, wakabishana.

Walipopumzika, dairekta alinieleza bila kupaza sauti. Hawachukii chuo. Wengi wao wamesoma, wawili wana digrii. "Lakini watafiti wenu," akasema, "hula wakaacha sahani mezani." Kila anayekuja huanza na jengo lile lililokuwa nyuma yetu: lilifunguliwa 1952, na Oktoba 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, hiyo ambayo kwa Kiswahili ni Mzalendo Kimathi, ikaambulia siku chache tu jukwaani mle kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshikwa na maonyesho ya kigeni. "Hayo yote yako kwenye maktaba zenu. Sisi wengine hatukuwa tumezaliwa. Mbona mnatuuliza sisi?"

Kisha akanisimulia ya kitabu. Wakati wa Mstahiki Meya, mtafiti mmoja aliomba kuazima kitabu chao cha mazoezi akapige nakala. Aliondoka nacho, akamaliza masomo, hakuonekana tena. Nilidhani anazungumzia kitabu kama vile vya dukani. Akafungua mfuko wake akanionyesha cha Kigogo, lakini hakuniachia mkononi. Alikishika yeye, akafunua, mimi nikitazama.

Kilikuwa nakala ya kawaida ya mwanafunzi iliyovishwa jalada la manila. Pambizoni mlijaa penseli ya miandiko mitatu. Mistari imekatwa, mingine imerudishwa kwa nukta chini yake. Mshale unamtoa mtu kushoto, na juu ya mshale jina la mwigizaji ambaye alishaacha kazi, limefutwa, likaandikwa jingine. Mwisho wa kila tukio pana dakika, na ukizijumlisha zote hazizidi 80. Vipindi viwili vya dakika 40: hicho ndicho kipimo alichowapa mwalimu, na kengele ikilia watoto huondoka hata kama Majoka bado amekaa kitini. Cha Mstahiki Meya kilikuwa na miaka mitano ya kazi ya namna hiyo, na mtu alikuwa ameondoka nacho kama mwavuli wa kuazima.

Nilimuuliza kilichokatwa kimechaguliwaje. Akacheka. Ukisoma vitabu vyetu vya nadharia utajibiwa kwamba mwelekezi hukata kwa kufuata dhamira, kasi, mshikamano wa msuko. Yeye alisema anaanza kwa kuuliza walimu mistari gani hutolewa dondoo. Huo mstari, ule wa "eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne", haukatwi hata ukiwa mzito mdomoni kama ugali mbichi, maana wasichana mia tatu wameukariri, na mwigizaji akiufikia wataukamata wausome pamoja naye. Kwa hiyo anayecheza huachiwa pumzi hapo. Kwenye kitabu pumzi hizo zimewekewa duara.

Katika maswali yangu 31 hapakuwa na hata moja ambalo lingenifikisha kwenye maduara yale.

"Haya," akasema dairekta siku nyingine niliporudi, wakati wa kuondoka. "Umebeba maswali mangapi leo?"

"Moja, Mama."

"Afadhali. Lete."

Nililielekeza kwa mwigizaji aliyekuwa akicheza Kenga, yule mshauri wa Majoka. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu huyohuyo hucheza Ngurumo, mlevi wa Mangweni. Nilikuwa na nadharia yangu tayari, kurasa 9 zimeshachapwa: kwamba mwili mmoja kubeba mnyonyaji na mnyonywaji ni tamko la kisiasa, kwamba kikundi kinatuambia anayemnong'oneza mtawala na anayeishia kufa kilevi ni watoto wa Sagamoyo ileile. Nikamuuliza kwa nini wamefanya hivyo.

"Viti," akasema.

Sikuelewa.

"Matatu yetu ni ya abiria 14. Spika, jenereta na sanduku la maleba humeza viti vitano. Dairekta kimoja. Tunabaki wanane. Kigogo ina watu zaidi ya kumi. Piga hesabu, Mwalimu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilinyamaza, si kwa hekima, bali kwa kuwa kurasa 9 zilikuwa zikinipita mbele ya macho moja moja. Kimya hicho ndicho kilichoniokoa. Akaona nimebaki hivyo, akaongeza, "Lakini si yeyote na yeyote." Kenga hawezi kuwa Boza, wanakutana mapema. Kenga na Ngurumo hawakutani kabisa. Walikuwapo wengine ambao angeweza kuwachukua, rahisi zaidi kwa maleba, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba dairekta apewe Ngurumo.

"Kwa nini?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Hiyo siwezi kukwambia."

Nilidhani ananinyima. Nikatazama uso wake nikaona hapana, anatafuta na hapati. Basi nikasema, bila kupanga, "Nionyeshe."

Akasimama. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akaunganisha visigino, akaanza kunisemesha akitazama mahali fulani juu kidogo ya bega langu. Huyo Kenga. Kisha akafungua kifungo kilekile, mabega yakashuka, na mguu mmoja ukawa si wake. Aliuburuta kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi, macho yametua ardhini hatua moja mbele. Huyo Ngurumo. Shuleni hakuna pazia la kufunga. Wenzake humshikia leso mbili tu, na wanafunzi wa pembeni humwona akibadilika. Akaanza kurudi kwa Kenga. Koti likafungwa, mabega yakapanda, macho yakaenda juu ya bega langu. Mguu ulikuwa wa mwisho kurudi. Kwa kitambo kifupi alisimama pale mshauri wa mtawala, nadhifu, na mguu wa mlevi.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo ninapopapenda. Wasichana wa mbele hupaona. Hucheka, halafu hunyamaza."

Kurasa zile 9 sikuzitupa. Nilizianza upya, viti vikiwa aya ya kwanza. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeamini kwamba maana huamuliwa na mtu aliyeketi akafikiri, kisha mwigizaji akaipeleka jukwaani kama mtu anayepeleka barua. Huyu alikuwa amebanwa na hesabu ya viti, na ndani ya ubano huo akatafuta mahali pa mguu. Ukimuuliza maoni yake atakujibu viti, na hajakudanganya. Ukimwomba akuonyeshe, utaona na kile kingine. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu akiniletea hojaji ya watu wa sanaa, mimi huhesabu "eleza" zake, halafu namuuliza ni wapi atawaomba wasimame.

Muhula wa pili nilisafiri nao Machakos, Kitui na Murang'a. Kwa kuwa hesabu ya viti mnaijua, mnajua pia kwamba mimi sikuwa na changu. Nilikaa juu ya sanduku la maleba. Nilibeba, nilikunja, na siku mshika leso mmoja alipougua tumbo nilishika leso. Nyuma ya leso nilisikia mwigizaji akihesabu kwa mnong'ono hatua zake za kuingia, kitu ambacho mtazamaji wa mbele hawezi kukijua. Msimamizi wangu alipouliza hiyo nayo ni mbinu gani ya ukusanyaji data, nilimjibu uchunzaji shirikishi, akatosheka.

Pesa ilikuwa jambo gumu, na nashangaa jinsi tunavyolipita haraka tunapowafundisha wanafunzi. Mwigizaji wa shule hulipwa kwa onyesho. Ukimtoa saa mbili asubuhi ya kazi umeingia mfukoni mwake. Kamati ya maadili iliniruhusu nauli tu, eti malipo yatachafua majibu. Nikamwendea dairekta nikamuuliza waziwazi: ninyi mnataka nini kwangu? Hakufikiri hata kidogo. Barua. Walimu wakuu huwataka waandike barua rasmi kabla ya kuwaruhusu getini, na zao hurudishwa. "Wewe unajua zile ndefu," akasema. Niliwaandikia moja ya ukurasa mmoja, kisha nyingine ya kwenda kwa wakuu wa idara za Kiswahili. Kwa heshima na taadhima zote mbili. Zilifungua mageti kadhaa.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa kuhusu fomu ya ridhaa. Nilikuwa na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali, na fomu ya chuo, safi, na katika kifungu cha nne imeandikwa kwamba jina la mshiriki halitatajwa popote. Mwigizaji wangu wa Kenga aliisoma akaniangalia.

"Kwa nini unifiche? Nimeiba?"

Nikamweleza kwamba ni kwa usalama wake.

"Mwalimu, miaka 15 nalitafuta jina. Wewe unataka kuniita Mshiriki wa Nne?"

Sheria ile ina maana yake. Iliwekwa kwa ajili ya wagonjwa, watoto, watu wanaoweza kudhurika wakijulikana, na singependa iondolewe. Lakini mtu ambaye kazi yake ni ya hadharani, ukichukua ubunifu wake ukauweka kwenye tasnifu yenye jina lako jaladani, naye ukampa nambari, mimi siiti hiyo hifadhi. Nilirudi kwenye kamati na ombi la kubadilisha fomu. Ilichukua wiki sita, na kikao kimoja ambacho mjumbe aliniuliza kama waigizaji wangu wanaelewa kweli wanachokitaka. Mwishowe tukaruhusiwa kisanduku kidogo: mshiriki anayetaka jina lake litajwe, aweke alama. Wote tisa waliweka, dairekta kwa kalamu nyekundu. Katika tasnifu majina yao yapo. Hapa siyataji kwa sababu ruhusa niliyopewa ilikuwa ya tasnifu, na ya makala haya sikuiomba.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kikundi ambacho soko lake lote ni bwalo la shule kilisimama siku moja, kama mtu aliyezimiwa taa. Mwezi wa Mei nilimpigia yule wa Kenga kumjulia hali. Alikuwa akisukuma toroli ya soseji na mayai ya kuchemsha mtaani kwake. Kafyu ilikuwa saa moja jioni. Ikifika, kila mtu yuko ndani. Akaniambia, "Sasa nina wakati, Mwalimu. Uliza."

Niliuliza. Usiku baada ya usiku, kwa simu, mimi nikilipia dakika, tuliipitia Kigogo ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa akieleza, alikuwa akicheza. Alipofika kwa Ngurumo nilimsikia akiinuka, na kupitia simu nikasikia mguu ukiburutwa kwenye sakafu ya saruji, halafu mkewe akimwambia apunguze, mtoto amelala. Sura ya nne ya tasnifu yangu, ile ambayo watahini waliisifu, ilitoka kwenye simu zile. Niliipata kwa sababu mtu hodari alikosa kazi. Kila ninapoulizwa nilifanyaje kupata mahojiano ya kina kiasi kile, huwa nataja uaminifu uliojengeka tukiwa safarini, na ni kweli, lakini nikiwa peke yangu hukumbuka toroli.

Kidato cha Nne walirudi shuleni Oktoba mwaka huo, wengine Januari 2021, na taratibu matatu ikaanza tena kupakia spika. Nilipopata nakala zangu zilizojalidiwa niliwapelekea moja pale chini ya mti. Dairekta aliipima uzito kwa mkono, akasema sahani imerudi, akampa mwenzake.

Yule mwigizaji alitafuta jina lake kwanza. Akalisoma kimya, akaligusa. Kisha akatafuta mguu. Ilimchukua muda, nimeuzungushia nadharia nyingi, lakini aliupata, ukurasa wa 87, akasoma akisogeza midomo, na akakunja uso.

"Mwalimu. Umeandika mguu wa kulia."

"Si wa kulia?"

Akasimama, akafunga kifungo, akafungua, akaburuta. Wa kushoto. Nilikuwa nimemwona ana kwa ana, nyuma ya leso, katika shule tisa, na nimekosea. Siku ile ya kwanza aliponionyesha, alikuwa amenielekea, na mimi nikaandika kama nilivyouona.

Dairekta akachomoa penseli kwenye kitabu cha mazoezi, akampa. Akakata neno langu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lake pambizoni, na mshale. Nakala ya maktaba bado inasema kulia.